Kabla Jembe Halijaingia Ardhini: Makubaliano ya Kazi za Msimu na Mafunzo katika Shamba la Familia

Mvua za kwanza zinaponyesha katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, kwa kawaida mwezi Oktoba au Novemba, kaya iliyokuwa ikijitosheleza kwa nguvu zake huanza kuhitaji mikono ya ziada. Mahindi na maharage hupandwa kwa haraka, na palizi hufuata baada ya wiki chache. Maharage ya kwanza huvunwa mwezi Januari. Ya pili hupandwa Februari au Machi na kuvunwa Mei na Juni. Mwenye kahawa huanza kuchuma wakati jirani yake angali anavuna mahindi. Kiangazi nacho kina kazi zake: bustani za mabondeni, kumenya na kuanika mihogo, kupukuchua mahindi, na kusomba mazao kwenda gulioni.

Kwa wakazi wa Makere na vijiji vingine vilivyo karibu na Nyarugusu, kazi hizi za msimu ni ajira halisi. Ndizo zinazompa kijana asiye na shamba fedha ya kuanzia maisha, mama mjane ada na sare za watoto, na mhitimu wa kidato cha nne nauli ya kwenda chuoni. Hata hivyo, ndizo pia zinazozaa migogoro inayofahamika katika kila kitongoji. Kibarua hulima kwa ahadi ya kulipwa mazao yakiuzwa, kisha mazao huuzwa naye halipwi. Mkulima hutoa malipo ya awali, na asubuhi ya pili kibarua haonekani. Kijana huahidiwa kufundishwa kilimo cha bustani, akajikuta anachota maji kwa miezi mitatu bila ujira wala ujuzi.

Wengi wa wanaogombana hivyo hawakuanza kwa nia mbaya. Walianza kwa kuaminiana, na kwa sababu ya kuaminiana hawakutamka mambo yaliyopaswa kutamkwa. Makala haya yanaeleza mambo hayo ni yapi, sheria inasemaje, na mwananchi aende wapi makubaliano yanapovunjika.

KUMBUKUMBU YA KIPANDE

Kazi ya msimu si jambo geni katika Buha. Enzi za ukoloni, wanaume wengi kutoka nyanda hizi walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga kufanya kazi kwa mkataba, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alitambulika kwa namba yake. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba hayo walikuwa na chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU, ambacho kilitafuta watu katika maeneo ya mbali, Buha ikiwemo.

Kibarua wa wakati ule alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa iliwekwa alama, na malipo yalitolewa siku zote 30 zilipotimia. Kadi hiyo ilimfaa zaidi mwenye shamba, kwani aliyeshindwa kuijaza alikaa bila mshahara. Pamoja na ubaya huo, ilikuwa ushahidi: siku iliyofanyiwa kazi haikuweza kukanwa kirahisi.

Leo kibarua anayelima katika shamba la jirani yake yuko huru kuliko manamba, lakini mara nyingi hana hata alama moja kwenye karatasi. Siku zake zimo kichwani mwake na kichwani mwa mwenye shamba, na vichwa viwili husahau kwa namna tofauti. Tunachohitaji ni kumbukumbu inayoshikwa na pande zote mbili.

AINA TATU ZA MAKUBALIANO

Ugomvi mwingi huanza pale upande mmoja unapodhani makubaliano ni ya aina moja na upande mwingine ukadhani ni ya aina nyingine. Ni vema kuzitofautisha.

Aina ya kwanza ni kibarua cha siku. Hapa kinachonunuliwa ni muda. Kibarua akifika saa iliyokubaliwa na kufanya kazi hadi saa iliyokubaliwa, amestahili ujira wake hata kama eneo lililolimwa ni dogo kuliko mwenye shamba alivyotumaini.

Aina ya pili ni kazi ya kipimo: ngwe, ekari au gunia. Kinachonunuliwa ni kazi iliyokamilika. Kibarua anaweza kuimaliza asubuhi moja au siku mbili, na hilo ni lake. Jambo la lazima ni kipimo chenyewe. Neno ngwe halina urefu mmoja katika vijiji vyote. Kwa hiyo pimeni kwa kamba au kwa hatua, wote wawili mkiwepo, na mpige mambo kabla ya kuanza. Pia semeni kazi ikoje inapohesabiwa kuwa imekwisha. Je, kupalilia ni pamoja na kutoa magugu nje ya shamba? Je, kuvuna maharage ni kung’oa tu, au ni kung’oa, kupura na kupepeta?

Aina ya tatu ni kazi ya msimu mzima, ambapo mtu hukaa na familia tangu kupanda hadi kuvuna. Hii ndiyo yenye mambo mengi zaidi ya kukubaliana: malazi, chakula, siku za mapumziko, matibabu akiugua, na tarehe za malipo. Chakula kisihesabiwe kimyakimya kuwa sehemu ya ujira. Kama mwenye shamba anakusudia kukihesabu, aseme thamani yake tangu mwanzo ili mwenzake aamue kama anakubali.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubagua kati ya shamba kubwa na shamba la familia. Mtu akimwajiri mwenzake, awe na ekari mia au ekari moja, anakuwa mwajiri. Yapo mambo machache ambayo kila kaya inayochukua vibarua inapaswa kuyajua.

Kwanza, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi ni ipi, inaanza lini, ni ya muda gani, inafanyika wapi, kwa saa ngapi, na ujira unahesabiwaje. Takwa hili halimhusu anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Mfanyakazi asiyeelewa maandishi hayo anapaswa kuelezwa kwa namna atakayoielewa. Katika vijiji vyetu hilo laweza kumaanisha kumsomea na kumfafanulia kwa Kiha.

Pili, na hapa wakulima wazingatie, ukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha madai ya mfanyakazi unamwangukia mwajiri. Kwa maneno mengine, karatasi inamlinda mwenye shamba kama inavyomlinda kibarua. Asiye nayo ataanza shauri akiwa nyuma.

Tatu, saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Baada ya saa tano za kazi mfululizo mfanyakazi apewe mapumziko ya angalau dakika 60, na kila wiki apate pumziko la angalau saa 24. Kazi ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.

Nne, aliyeajiriwa kwa msimu ana haki ya likizo yenye malipo hata kama hajatimiza miezi sita. Likizo isiyochukuliwa hukokotolewa kwa kiwango cha ujira wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Aliyefanya kazi siku 52, kwa mfano, anastahili malipo ya siku nne juu ya ujira wake.

Tano, ujira usikatwe kiholela. Bomba la kupulizia dawa likivunjika, mwenye shamba haruhusiwi kushika fedha za kibarua kwa hasira ya siku hiyo. Sharti uharibifu uwe umetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, awe amekubali makato hayo kwa maandishi, na awe amepewa nafasi ya kujieleza.

Viwango vya chini vya mshahara kwa kila sekta, kilimo kikiwemo, hutangazwa na Serikali kwa amri ya mshahara, na huonyeshwa kwa saa, siku, wiki na mwezi. Kabla ya kupanga ujira wa msimu, ni busara kuulizia kiwango kinachotumika.

KUTENGA UJIRA KABLA YA KAZI

Ahadi ya kulipa mazao yakiuzwa ndiyo chanzo kikuu cha kibarua kudhulumiwa, hata na mtu mwema. Wakati wa mavuno kila kaya huuza kwa pamoja, na bei hushuka. Mkulima aliyekusudia kulipa kutokana na mauzo hujikuta ama anauza kwa hasara, ama anamwomba kibarua asubiri. Kibarua naye hawezi kuliomba tumbo lisubiri.

Tuchukue mfano, kwa tarakimu za kukadiria tu. Kaya inahitaji watu wanne kwa siku sita kuvuna na kupura maharage, kwa ujira wa shilingi 8,000 kwa siku. Jumla ni shilingi 192,000. Kama kilo ya maharage inauzwa shilingi 1,600 siku hizo, ujira huo ni sawa na kilo 120. Familia inayofanya hesabu hii mapema itajua kwamba inapaswa kuwa na akiba hiyo kabla ya siku ya kwanza ya kuvuna, au ipunguze idadi ya vibarua, au ivune kwa awamu. Familia isiyoifanya itaigundua mbele ya watu wanne wanaosubiri haki yao.

Ikiwa fedha yote haipo, lipeni kwa vipande vilivyopangwa: sehemu kila jioni, au nusu katikati ya kazi na nusu siku ya mwisho. Malipo ya awali nayo yaandikwe na kusainiwa, ili kibarua asije akayakana na mkulima asije akayazidisha.

WATOTO NA WANAFUNZI

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. Aliyefikisha umri huo anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kuathiri masomo yake. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, hairuhusiwi kwa mtoto. Kubeba magunia mazito na kupulizia sumu za wadudu si kazi nyepesi.

Kumsaidia mzazi shambani baada ya masomo ni sehemu ya malezi, na hakuna anayelipinga. Kinachokatazwa ni mavuno kugeuka sababu ya dawati kubaki tupu. Mwenye shamba anayemwona mtoto wa shule akija kuomba kibarua asubuhi ya siku ya masomo anapaswa kumrudisha shuleni, hata kama mama yake ndiye aliyemtuma. Nafasi hiyo impe mama.

JIRANI WA KAMBINI

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea pia Warundi wengi. Kwa miaka hiyo yote majirani hawa wamefahamiana, wameuziana chakula, na wapo waliolimiana mashamba.

Utaratibu wa kisheria ni huu: chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi anahitaji kibali ili kutoka katika eneo alilopangiwa, na sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia inakataza kumwajiri mgeni asiye na kibali cha kazi. Mwenye shamba asiyejali hilo anajiweka yeye na mwenzake katika hatari. Maswali kuhusu vibali yapelekwe kwa uongozi wa kambi, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Lipo na jambo la utu. Mtu aliyefanya kazi bila kibali huogopa kulalamika, na wapo wanaoitumia hofu hiyo kumnyima ujira. Kukosa kibali hakumfanyi mtu kuwa hakutoka jasho. Njia safi ni kutomwita kazini bila utaratibu, na si kumtumia kisha kumtisha.

ANAYEKUJA KUJIFUNZA

Shamba la familia laweza pia kuwa darasa. Mwaka 2017 Serikali ilitoa miongozo miwili ya kitaifa, mmoja wa uanagenzi na mwingine wa utarajali. Maneno haya huchanganywa, hivyo tuyaeleze. Mwanagenzi hujifunza stadi tangu mwanzo, sehemu chuoni na sehemu kazini. Mtarajali amekwisha kuhitimu, na anatafuta uzoefu wa kazi. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo bado yuko chuoni, na ametumwa kwa muda maalumu akiwa chini ya mwalimu wake. Nje ya makundi hayo wako vijana waliomaliza kidato cha nne mwezi Novemba, ambao husubiri miezi kadhaa kabla ya kujua watakwenda wapi.

Familia inayompokea mmoja wao ijiulize swali moja: akiondoka hapa, atakuwa anaweza kufanya nini ambacho leo hawezi? Kama jibu halipo, huyo ni kibarua, na anastahili ujira wa kibarua. Kama jibu lipo, liandikwe. Kwa mfano, kwa miezi mitatu ya bustani ya bondeni, mwanafunzi aweza kupangiwa kuandaa kitalu na kuatika miche, kuchanganya dawa kwa kipimo cha kibandiko na kuvaa kinga, kutunza daftari la gharama na mauzo, kuchambua mazao kwa madaraja, na kuuza gulioni akisimamiwa. Kila stadi iwe na mtu wa kuifundisha na wiki ya kuifundishwa. Posho, chakula na nauli vitajwe waziwazi, hata kama ni kidogo.

Afisa Kilimo wa Kata anaweza kushauri mpango huo unalingana vipi na msimu na udongo wa mahali. Kwa vijana waliopata ujuzi wao shambani bila kupita darasani, VETA ina utaratibu wa urasimishaji, ambapo ujuzi hupimwa na kutambuliwa kwa cheti. Barua ya mwenye shamba, yenye tarehe na orodha ya kazi zilizofanywa, humsaidia kijana kuanza safari hiyo. Na wale watakaotaka kulima kwa pamoja, Afisa Maendeleo ya Jamii atawaeleza masharti ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

KAZI YA SOKONI

Siku ya gulio ina vibarua vyake: kufungasha, kupakia, kupima na kuuza. Anayeuza kwa niaba ya familia akubaliane mapema kama analipwa kwa siku au kwa asilimia ya mauzo, na nani anabeba hasara ya nyanya zilizooza. Mazao yahesabiwe au yapimwe yanapotoka nyumbani na yanaporudi, mbele ya wote wawili. Hesabu hiyo ya dakika kumi huzuia tuhuma za wizi zinazovunja ujirani.

Lumbesa nayo ina sura mbili. Mkulima anayefungasha kwa lumbesa hupoteza kilo zisizolipiwa, na kibarua anayelipwa kwa gunia hujaza na kubeba zaidi kwa ujira uleule. Lumbesa imepigwa marufuku. Tumieni mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na ujira wa kufungasha uhesabiwe kwa uzito uliosomwa.

MGOGORO UKITOKEA

Anzeni kwa mazungumzo, daftari likiwa mbele yenu. Isipowezekana, nendeni kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, kisha kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ambao wanaweza kuwakutanisha na kuwatafutia suluhu. Madai mengi ya siku chache huishia hapo.

Suluhu isipopatikana, chombo cha kisheria ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi Kigoma. Zingatieni muda: shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na mashauri mengine, yakiwemo ya kutolipwa ujira, ndani ya siku 60. Vikao vya kijijini havisimamishi hesabu ya siku hizo. Anayeahidiwa wiki hadi wiki aweke alama kwenye kalenda.

MAMBO YA KUANDIKA

Karatasi moja ya daftari inatosha, katika nakala mbili. Iwe na haya:

1. Majina ya pande zote mbili na kijiji cha kila mmoja.
2. Kazi yenyewe, na namna itakavyojulikana kuwa imekwisha.
3. Kipimo: siku, ngwe iliyopimwa, ekari au kilo.
4. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi na siku ya mapumziko.
5. Ujira, tarehe ya kulipwa, na malipo ya awali kama yapo.
6. Chakula, malazi na vifaa: nani anatoa nini.
7. Kwa anayejifunza: stadi atakazofundishwa na nani atamfundisha.
8. Saini au alama ya dole gumba ya kila mmoja, na ya shahidi mmoja.

Chini yake iachwe nafasi ya kuandika kila siku iliyofanyiwa kazi na kila shilingi iliyolipwa. Jioni, kabla ya kuagana, wote wawili waweke saini. Asiyejua kusoma amwombe shahidi amsomee kwa sauti. Kila upande ubaki na nakala yake, na zote mbili zitunzwe hata baada ya mazao kuingia ghalani.